Jinsi ya Kutumia Muziki Kutuliza Akili na Kuinua Moyo: Hatua kwa Hatua

Maswali kuhusu muziki na afya ya akili yanakuja yaleyale kila mara. Nisikilize muziki gani nikiwa na msongo wa mawazo? Kwa dakika ngapi? Ni lazima uwe ule wa piano wa Kizungu? Na mbona nikiweka nyimbo za furaha nikiwa na huzuni ndiyo kwanza nazidi kuvurugika? Nayajibu yote hapa, kwa mpangilio unaoweza kuufuata leo jioni ukiwa na simu yako tu, au hata redio yenye sehemu ya flashi.

Jibu la swali la mwisho ndilo linalobeba mwongozo mzima, kwa hiyo nalitanguliza. Muziki unakusaidia zaidi ukianza pale ulipo. Mwenye hasira hatulii kwa kuwekewa ghafla kinanda cha polepole, na aliyevunjika moyo hainuki kwa kupigiwa singeli yenye mapigo yanayopita 200 kwa dakika. Unaanza na muziki unaofanana na hali yako ya sasa, halafu unausogeza kidogo kidogo kuelekea unakotaka kufika. Ira Altshuler, daktari wa akili aliyetumia muziki kwa wagonjwa wake huko Michigan, Marekani, miaka ya 1940, aliuita utaratibu huu kanuni ya iso, na wataalamu wa tiba ya muziki wanaufuata mpaka leo.

Jambo moja kabla hatujaingia ndani: mwongozo huu ni wa kujisaidia nyumbani. Haufuti dawa uliyoandikiwa wala kikao chako na mshauri nasaha.

Kinachotokea mwilini, kwa kifupi

Nadharia naipitia haraka, ila mambo mawili lazima uyajue kwa sababu hatua zote zinasimama juu yake.

La kwanza ni dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na raha. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, waliwapiga watu picha za ubongo huku wakisikiliza nyimbo walizozichagua wenyewe, zile zinazowasisimua mpaka vinyweleo vinasimama. Dopamini ilionekana ikitolewa katika nyakati mbili na sehemu mbili tofauti za ubongo: kwanza msikilizaji anapoisubiri sehemu tamu ya wimbo, kisha sehemu yenyewe inapofika. Mpenzi wa taarab anaijua hali hii bila kupimwa na mashine. Fidla zinapanda, mwimbaji anavuta pumzi, ukumbi mzima umeshajua kibwagizo kinachokuja, na watu wanainuka kwenda kutunza hata hakijafika. Raha ya kusubiri namna hiyo inatoka kwenye wimbo unaoujua. Ndiyo maana orodha iliyopangwa na mtu mwingine, hata awe mtaalamu, mara nyingi haikugusi kama ile uliyoipanga mwenyewe.

La pili ni kasi. Mwaka 2006 timu ya Luciano Bernardi wa Italia ilipima watu 24, nusu yao wanamuziki, ikaona kwamba muziki wa kasi uliharakisha pumzi na mapigo ya moyo na kupandisha presha. Kilichowavutia zaidi ni kimya. Walipoweka mapumziko ya dakika mbili bila muziki, pumzi na moyo vilishuka hata chini ya pale vilipoanzia. Kimya hicho tutakitumia katika hatua ya 8.

Utasikia pia watu wakitaja kotisoli, homoni ya msongo wa mawazo, na oksitosini, homoni ya ukaribu kati ya watu. Matokeo ya tafiti juu ya hizo bado hayajakaa sawa, kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia muziki unaoahidi “kushusha kotisoli kwa asilimia kadhaa”, mpite. Vilevile zile video za “masafa ya uponyaji” ya hezi 432 au 528 (mitetemo ya sauti kwa sekunde): hakuna ushahidi wa maana kwamba zinaponya sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Kama sauti yake inakutuliza, isikilize kama muziki mwingine wowote, ila usiilipie. Na kama umewahi kuambiwa kwamba Mozart anaongeza akili, chanzo chake ni jaribio la mwaka 1993 lililofanywa kwa wanafunzi 36 wa chuo. Walifanya vizuri kidogo katika mafumbo ya maumbo kwa muda wa dakika kama 10 hadi 15, basi. Muziki wa ujana wako, wa kanisani kwenu au wa harusi za mtaani kwenu una nafasi sawa kabisa na wa Mozart, na kwako wewe pengine una nafasi kubwa zaidi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu au redio, na nyimbo zilizopakuliwa kabisa. Usitegemee bando. Tangazo la mikopo likipasuka katikati ya wimbo wa kukutuliza, kazi yote imeharibika.
- Spika ndogo au hedifoni. Zile zinazofunika sikio lote ni bora kuliko za kuchomeka, kwa kuwa mara nyingi hazikulazimishi kuongeza sauti ili kuzidi kelele za nje.
- Daftari na kalamu. Naomba uandike kwa mkono. Ukishika simu kuandika, utajikuta kwenye meseji.
- Saa inayoonyesha sekunde.
- Dakika 30 ambazo hakuna anayekuhitaji. Kwa mama mwenye watoto wadogo hii ndiyo bidhaa adimu kuliko zote. Ukipata 15, zitumie hizo hizo na upunguze idadi ya nyimbo.

Hatua zenyewe

1. Pima ulipo. Andika namba mbili, kila moja kati ya 0 na 10. Ya kwanza ni nguvu: mwili wako umechangamka kiasi gani? Ya pili ni raha: moyo wako uko vizuri kiasi gani? Namba hizi mbili zinatenganisha hali ambazo watu wanazichanganya. Nguvu 8 na raha 2 ni hasira au wasiwasi, na unahitaji kushuka. Nguvu 2 na raha 2 ni huzuni, uchovu au kukata tamaa, na unahitaji kupanda. Wengi wanasema tu “sijisikii vizuri”, wanaweka muziki wowote, halafu wanashangaa haukusaidia.

2. Kusanya nyimbo zako. Andika nyimbo kama 20 au 25 unazozijua vizuri. Usichague zile za kuonekana mtu wa maana. Kama ni bongo flava ya ulipokuwa kidato cha pili, andika. Kama ni kwaya, andika. Kama dini yako au msimamo wako haukuruhusu ala, zipo kaswida za sauti tupu na za dufu, na hatua zote zilizobaki zinafanya kazi vilevile. (Kisomo cha Kurani nakiacha nje ya orodha hii kwa heshima yake, msomaji wake anajua adabu na wakati wake.)

Sasa chuja. Futa kila wimbo uliofungamana na kidonda: uliopigwa msibani, wa ndoa iliyovunjika, wa mtu aliyekuumiza. Wimbo unaweza kuwa mzuri sana na bado ukakurudisha kaburini kila ukipigwa.

*Angalizo:* sikiliza na maneno. Mdundo unaweza kuwa wa taratibu huku mashairi yanakuchochea kisasi, au yanakuambia kwamba bila yule mtu wewe si kitu. Wimbo wa namna hiyo hautulizi mtu mwenye hasira hata ukiwa na mapigo 60.

3. Hesabu mapigo ya kila wimbo. Watu wanairuka hatua hii kwa kudhani ni ya wanamuziki. Ni rahisi. Wimbo ukianza kukolea, gonga mguu sakafuni kama unavyogonga ukiwa ukumbini. Angalia saa, hesabu mara unazogonga kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukigonga mara 17, wimbo una mapigo 68 kwa dakika. Ukigonga mara 30, ni 120. Andika namba pembeni ya jina la wimbo. Ukijikuta unagonga haraka mno, jaribu kugonga kila pigo la pili. Mara nyingi ndipo mdundo halisi unapoonekana.

Kwa kulinganisha, moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Nyimbo zenye mapigo 60 hadi 80 ndizo za kumaliza orodha ya kushuka na za kulalia.

4. Panga orodha ya kushuka. Hii ni ya hasira, wasiwasi, moyo unaokwenda mbio na mawazo yanayofukuzana. Nyimbo sita zinatosha. Kila wimbo ushuke mapigo 10 au 15 kutoka uliotangulia, na sauti zipungue: ngoma zitoke kwanza, halafu besi, mwisho waimbaji.

Tuseme umerudi kutoka kazini, foleni imekukalia saa mbili, bosi amekusema mbele ya watu, na daftari linasema nguvu 8, raha 2. Orodha inaweza kwenda hivi:

- Wimbo wa kwanza: muziki wa dansi wenye tarumbeta, au hip hop ya Kiswahili unayoipenda, mapigo karibu 120. Hasira ipate mwenzake wa kukaa naye. Usiogope kuanza na makelele.
- Wa pili: ngoma bado zipo, ila anayeimba anaimba kweli, hafoki. Mapigo 105 hivi.
- Wa tatu: rumba ya taratibu, magitaa mawili yanajibizana, mapigo 90. Hapa ndipo mabega huanza kushuka yenyewe.
- Wa nne: taarab asilia, fidla na kanuni (ala ya nyuzi nyingi) zikitangulia kabla ya mwimbaji. Mapigo 80.
- Wa tano: udi (ala ya nyuzi kama gitaa) peke yake, au gitaa kavu. Mapigo 68.
- Wa sita: ala tena, nyuzi chache, mapigo 60 au chini yake kidogo.

Hizo ni dakika 25 hadi 30. Orodha yako itakuwa na nyimbo nyingine kabisa, na ndivyo inavyotakiwa. Kinachobaki ni ule mteremko.

*Angalizo:* kosa kubwa hapa ni haraka. Mtu anaruka nyimbo tatu za mwanzo aende moja kwa moja kwenye udi, akili inabaki kwenye foleni, na baada ya dakika mbili anasema muziki haufanyi kazi.

5. Panga orodha ya kupanda. Hii ni ya siku ambazo kuinuka kitandani ni kazi. Mwanzo ni wimbo wa taratibu, hata wa huzuni, unaosema kile unachohisi. Nyimbo za huzuni ziwe moja au mbili tu. Baada ya hapo kila wimbo uongeze mapigo kidogo na uangaze kidogo, mpaka wa mwisho uwe ule ambao hata ukisikia kwa jirani mguu unacheza.

Ukiwa mpenzi wa rumba ya Kongo, una bahati. Muziki huo, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya turathi za binadamu mwezi Desemba 2021, umebeba mpando huu ndani ya wimbo mmoja. Unaanza kwa kubembeleza, waimbaji wanalia mapenzi kwa sauti zilizopangana, halafu solo linaingia, sebene linafunguka, magitaa yanazunguka na kuzunguka na mwili haukai tena. Kwa mtu mwenye nguvu 2, wimbo mmoja mrefu wa namna hiyo unaweza kufanya kazi ya orodha nzima. Nawaambia waanze na huo hasa wale wasio na nguvu hata ya kupanga orodha.

Kuanzia wimbo wa tatu, simama. Fanya kitu kidogo cha mikono: osha vyombo viwili, tandika kitanda, mwagilia maua. Sonona hupenda mtu akae palepale, na wimbo unaokuinua ukiwa umelala utakuinua kidogo kuliko ule unaokukuta umesimama.

*Angalizo:* nyimbo za huzuni zina watu wawili. Yupo anayelia na baadaye akapata nafuu, na yupo anayetafuna mawazo yaleyale mpaka usiku wa manane. Kujijua ni rahisi: angalia namba ya raha baada ya kusikiliza. Ikishuka mara mbili kwa wimbo huohuo, utoe kwenye orodha, hata kama unaupenda sana.

*Angalizo lingine:* kama umewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, kukaa siku kadhaa bila usingizi na bila kuchoka, matumizi makubwa ya pesa na maneno yasiyokatika, usitumie orodha ya kupanda usiku, na mweleze daktari wako kuhusu mpango huu.

6. Panga orodha ya kulala, iwe peke yake. Usilalie orodha ya kushuka. Ile inaanza na makelele. Ya kulala inaanza na mapigo 80 na kumalizikia 60 au chini, na haina wimbo wenye kiitikio kinachonata. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, kuhusu watu wazima wenye shida ya usingizi yaliona kwamba waliosikiliza muziki dakika 25 hadi 60 kila siku walisema wanalala vizuri zaidi. Ila kuna mtego. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, waligundua kwamba wimbo unaoganda kichwani huvuruga usingizi, na kilichoshangaza ni kwamba nyimbo maarufu zilizopigwa kwa ala tupu ndizo ziliganda zaidi kuliko zilipokuwa na waimbaji. Ubongo unajaza maneno yaliyotolewa. Kwa hiyo zile video za nyimbo za bongo flava zilizogeuzwa piano “kwa ajili ya kulala” zinaweza kukukesha.

Chagua ala ambazo tangu mwanzo hazikuwa na maneno: taksimu ya udi (upigaji wa kubuni papo hapo), kalimba, marimba, kora ya Afrika Magharibi au litungu, zote mbili ala za nyuzi, zikipigwa taratibu. Weka simu ijizime baada ya dakika 45, iweke mbali na mkono, na tumia spika kwa sauti ndogo. Kulala na hedifoni za kuchomeka kunaweza kuumiza tundu la sikio. Rudia orodha ileile kila usiku. Mwili unajifunza kwamba sauti hii ina maana ya kulala.

7. Sikiliza kwa makini. Kaa au lala. Simu iwe kwenye hali ya ndege. Dakika tano za kwanza usifanye kazi nyingine. Chagua ala moja, tuseme besi, na uifuate tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Mawazo yakikimbia, rudi kwenye besi bila kujilaumu. Katika orodha ya kushuka, acha pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia.

Sauti iwe ya kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri usizidishe saa 40 kwa wiki katika desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na ukipandisha hadi 90 muda salama unashuka hadi saa 4 kwa wiki. Huna kipimo? Kama mtu aliye umbali wa mkono anazungumza kwa sauti ya kawaida na humsikii, umezidisha. Mlio masikioni baada ya kusikiliza ni onyo, na sikio lililoharibiwa na kelele halirudi. Na tafadhali, ukiwa barabarani, kwenye bodaboda au unavuka reli, vua hedifoni.

8. Kimya cha dakika mbili, halafu pima tena. Wimbo wa mwisho ukiisha, usiinuke. Usifungue meseji. Dakika mbili kamili, macho yamefumbwa. Wanaoanza huiona kama hatua ya kujazia. Mimi naiona muhimu kuliko wimbo wowote mmoja, kwa sababu ndipo mwili unapokamilisha kushuka. Kisha andika namba zako mbili mpya mbele ya zile za mwanzo.

Kwa orodha ya kupanda, kimya kiwe cha nusu dakika tu, halafu toka nje ukapate mwanga.

9. Rudia kwa wiki mbili, kisha rekebisha. Mara moja kwa siku inatosha. Baada ya wiki mbili soma daftari: nyimbo zipi zilikusogeza, zipi hazikufanya lolote. Badilisha mbili au tatu, acha nyingine. Ukibadilisha orodha kila siku hutajua kilichokusaidia, na ukiiacha miezi mingi bila kuigusa utaizoea mpaka isikuguse.

10. Mara moja kwa wiki, imba na wenzako. Kwaya, kikundi cha kaswida, ngoma ya mtaani, hata kuimba jikoni na dada zako wakati wa kupika. Watafiti wa Oxford wakiwa na Robin Dunbar wameonyesha kwamba watu wakicheza kwa pamoja na kwa mwendo mmoja, uvumilivu wao wa maumivu unapanda, dalili inayohusishwa na endofini, kemikali ya mwili ya kupunguza maumivu. Hedifoni ni nzuri, lakini mwenye sonona akibaki na hedifoni peke yake chumbani siku nzima, muziki umegeuka mlango wa kujifungia.

Ukikwama

*“Nimefuata yote, namba hazisogei.”* Angalia wimbo wa kwanza. Katika hali nyingi unakuwa haufanani na hali yako. Ni wa furaha mno, au mpole mno. Ubadilishe huo tu, ujaribu siku tatu.

*“Nalia kila nikisikiliza.”* Kulia si kosa. Angalia namba ya raha baada ya kilio. Ikipanda, endelea. Ikishuka, toa nyimbo zenye maneno kwa wiki moja, ubaki na ala.

*“Wimbo mmoja umeniganda kichwani tangu asubuhi.”* Usikilize mara moja mpaka mwisho, maana mara nyingi kinachozunguka ni kipande kisichomalizika. Ukishindwa, tafuna kitu au soma kwa sauti, mdomo uwe na kazi nyingine.

*“Muziki haujawahi kunigusa maisha yangu yote.”* Wapo watu wa hivyo, wachache kati ya kila mia, wasiopata raha kwenye muziki ingawa wanafurahia mambo mengine: chakula, mazungumzo, mpira. Si ugonjwa. Acha mwongozo huu, chukua matembezi, bustani au ibada.

*“Zamani muziki ulinigusa, sasa nyimbo zote naona sawa.”* Hili ni jambo tofauti kabisa na la juu, na nalitilia uzito. Kupoteza ladha ya vitu ulivyokuwa ukivipenda ni moja ya dalili kuu za sonona. Usilazimishe orodha. Soma sehemu inayofuata.

*“Tangu nianze dawa za akili, muziki haunogi.”* Inawezekana si mawazo yako tu. Mwaka 2019 watafiti wa Barcelona waliwapa watu 27 wenye afya dawa tofauti kwa siku tofauti: levodopa, inayoongeza dopamini, iliongeza raha ya muziki, na risperidone, inayoizuia, iliipunguza. Lakini usiache dawa kwa sababu hiyo. Dawa inazuia jambo kubwa zaidi ya wimbo kupoa. Mwambie daktari wako, kwa maneno hayohayo. Anaweza kurekebisha kiwango au muda wa kumeza.

*“Nyumba ya kupanga, jirani ana sabufa.”* Usishindane naye kwa sauti. Tumia hedifoni za kufunika sikio, au hamisha kipindi chako kiwe alfajiri.

*“Mzazi wangu hataki muziki nyumbani.”* Mwonyeshe daftari badala ya kubishana. Na kaswida au nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini zinaweza kufanya kazi yote iliyoelezwa hapa.

Muziki usipotosha

Nenda hospitali kama huzuni au kukosa hamu kumedumu wiki mbili mfululizo, kama hulali au huli, kama kazi na masomo vimesimama, au kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Tiba ya muziki inayotolewa na mtaalamu ni kitu kingine na orodha ya nyumbani: mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017, yaliyokusanya tafiti 9 na watu 421, yaliona kwamba tiba hiyo *ikiongezwa* juu ya matibabu ya kawaida ya sonona, dalili zinapungua zaidi kwa muda mfupi kuliko matibabu ya kawaida peke yake. Neno la kushika hapo ni kuongezwa.

Huhitaji kuanzia hospitali kubwa. Hospitali ya wilaya au ya mkoa inaweza kukupima na kukuandikia rufaa ikibidi, kwenda Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi, Butabika ya Kampala au Ndera ya Kigali, kutegemea uliko. Ukiwa na mawazo ya kujiua, usisubiri wiki mbili wala usianze orodha yoyote: mwambie mtu mmoja sasa hivi, usibaki peke yako, na mwende naye hospitali leo hii. Ukimwona mwenzako katika hali hiyo, muulize waziwazi. Swali hilo halimpandikizii wazo, na watu wengi husema baadaye kwamba walikuwa wanasubiri mtu wa kuwauliza.

Ukienda kumwona daktari, beba daftari lako. Mpe asome namba za kila siku, usiku uliolala na ule ambao hukulala, na nyimbo ulizoacha kuzipenda na tarehe uliyoacha. Kwa mtu asiyejua aanzie wapi kueleza hali yake, kurasa hizo zitasema nusu ya maelezo kabla hajafungua mdomo.